Jana Ulilala Wapi?

"Unatoka wapi, kaka?"

"Tarime."

Nikaandika Tarime. Aliyemfuata akasema Ukerewe. Wa tatu Kigoma, wa nne Musoma, wa tano Bariadi. Nilikuwa nimekalia ndoo iliyopinduliwa, daftari juu ya meza niliyoazima kwa mama ntilie, kwenye mwalo mmoja wa wavuvi, visiwa vya Buchosa, Ziwa Viktoria, siku ya huduma ya mkoba, yaani siku wahudumu wa afya wanapowafuata watu walipo. Kazi yangu ilikuwa kujaza safu: namba, tarehe, jina, umri, jinsi, makazi, kipimo, majibu. Ilipofika saa tano asubuhi, safu yangu ya makazi ilikuwa imekusanya Kanda ya Ziwa nzima na Kigoma juu yake. Kisiwa tulichokuwa tumekikanyaga hakikuwamo hata mara moja.

Nesi niliyekuwa naye, mama mtu mzima aliyekaribia kustaafu, alipita nyuma yangu kuchukua pamba. Akasoma juu ya bega langu, akainama.

"Mwanangu, ukimuuliza mtu anatoka wapi atakutajia alikozikwa babu yake. Muulize jana alilala wapi."

Nikamgeukia aliyefuata. Kijana, macho mekundu, magamba ya dagaa yamemkaukia miguuni mpaka magotini.

"Jana ulilala wapi?"

"Sijalala, dada. Nilikuwa ziwani."

Yule mama hakucheka. Alisema tu, "Basi muulize mchana huu atalala wapi." Kijana akanyoosha kidole kuelekea vibanda vya mabati na turubai vilivyojibanza nyuma ya miamba, akataja dago, yaani kambi ya wavuvi, kwa jina la mzee mwenye mitumbwi. Hilo ndilo jina la kwanza la kweli kuingia kwenye safu yangu ya makazi.

Nimefanya kazi ya kufuatilia programu za afya ya jamii kwenye ukanda huu wa ziwa kwa miaka kadhaa, na ningeulizwa nilichojifunza ningeanzia pale kwenye ndoo. Programu nyingi zinaanzishwa ili kupunguza pengo la afya kati ya watu na watu. Nia ni njema na jasho linalotoka ni la kweli. Lakini pengo haliwezi kupunguzwa na mtu asiyeliona, na njia pekee ya kuliona ni kujua kila aliyehudumiwa ni wa upande gani wa pengo hilo. Kama safu hiyo haipo, au ipo lakini swali lake limeulizwa vibaya, mnaweza kufanya kazi miaka mitano msijue kama mmesogea.

Mradi ulioniajiri wakati ule siutaji jina, maana ninaowalaumu hawapo hapa kujitetea, na walikuwa watu waliojituma. Andiko la mradi lilisema lengo ni kupunguza tofauti ya afya kati ya watu wa visiwani na wa nchi kavu. Tulipima presha, tulipima VVU, tuliwafundisha wahudumu wa afya ngazi ya jamii, tuliwapa rufaa wajawazito. Kila robo mwaka ripoti ilikwenda, na kichwani mwa ripoti palikaa tarakimu moja iliyonenepa: watu waliofikiwa. Ilipanda kila robo, nasi tulifurahi kila robo.

Robo ya tatu, kwenye kata moja, tuliwafikia watu kupita asilimia 100 ya walengwa. Ofisini wengine waliona ni ushindi. Mimi sikulala vizuri. Aliyewahi kushika madaftari ya MTUHA, yale ya takwimu za vituo vya afya, anajua jambo hilo huletwa na nini: namba ya juu, ya waliofikiwa, inatoka kwenye foleni ya leo, namba ya chini, ya walengwa, inatoka kwenye makadirio ya sensa. Sensa yetu nayo inauliza swali lile lile la nesi. Mwaka 2022 walihesabiwa watu waliolala kwenye kaya usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti. Lakini dago linahama. Dagaa wakisogea, mitumbwi inasogea, turubai zinakunjwa, na mwali wa karabai na taa za sola unaonekana kisiwa kingine. Makadirio ya kata hayahami pamoja nao. Kwa hiyo kata moja ilionekana imejaa na kumwagika, na nyingine ikaonekana ina watu wazembe wasiokuja kliniki, kumbe ni watu wale wale waliovuka maji.

Nimekulia Igoma, Mwanza, si mbali na makaburi ya ajali ya MV Bukoba. Meli ile ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikikaribia kufika Mwanza, na mamia ya watu walikufa. Mpaka leo idadi yao kamili haijulikani. Abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa na orodha. Wa daraja la tatu, wenye tiketi ya bei ya chini, hawakuwa nayo. Nilipita pale nikienda shule bila kulifikiria. Nimelifikiria sana baada ya kuanza kazi hii, hasa siku ninapoona safu ya makazi ikiwa tupu, au imeandikwa jina la kijiji kikubwa kilicho karibu kwa sababu karani alichoka kuuliza.

Sasa niseme habari ya shemeji yangu.

Tulikuwa kwenye matanga Nyegezi, usiku wa pili, wanaume wanaota moto nje, sisi tumekaa kwenye mkeka tukichambua mchele kwa mwanga wa simu. Shemeji anaishi Wilmington, Delaware, Marekani, miaka mingi sasa. Akaanza kusimulia kwamba kila hospitali anayoingia kule anapewa fomu, na kwenye fomu kuna swali la rangi: mweusi, mweupe, Mwasia, mzawa wa asili wa Amerika, na kadhalika. Mwanzoni lilimuudhi. "Nimekuja na tumbo langu, wananiuliza ngozi yangu." Wazee pale motoni walitikisa vichwa. Kwetu swali la namna hiyo lina harufu mbaya. Wakubwa wetu wanakumbuka Tanganyika ya wakoloni ambapo hospitali ziligawanywa kwa rangi: Dar es Salaam, Ocean Road ilikuwa ya Wazungu, na Waafrika walikwenda hospitali iliyobeba jina la Sewa Haji.

Lakini shemeji hakuishia hapo. Alisema siku moja alipigiwa simu na mama mmoja nesi aliyetaka kumpangia siku ya kupimwa saratani ya utumbo mpana. Alikataa. Akapigiwa tena. Mara ya nne akaenda, kwa kuchoka kukataa. Akaja kuelewa baadaye kwamba yule mama alikuwa na orodha, na yeye shemeji alikuwa kwenye orodha kwa sababu ya fomu ile iliyomuudhi.

Nilirudi Mwanza mjini nikaanza kusoma, na niliyoyakuta yalinishika. Mwaka 1985 serikali ya Marekani ilitoa ripoti iliyopewa jina la waziri wake wa afya wa wakati huo, Margaret Heckler. Ilikadiria kwamba kila mwaka watu weusi na wa makabila mengine madogo walikuwa wakipata vifo 60,000 ambavyo visingetokea kama wangekuwa wanakufa kwa kiwango cha weupe. Sitini elfu kwa mwaka, kwenye nchi yenye hospitali tunazoziona kwenye sinema. Ripoti iliwezekana kwa sababu rangi ilikuwa imeandikwa. Mwaka 1999 kituo chao cha kudhibiti magonjwa, CDC, kikaanzisha mpango wa REACH unaotoa fedha kwa vikundi vya jamii ili vyenyewe vipunguze pengo hilo kwenye kisukari, moyo, chanjo, vifo vya watoto wachanga. Na walipotangaza malengo yao ya afya ya mwaka 2010 hawakuandika kupunguza pengo. Waliandika kulifuta.

Hawakulifuta. Mtoto mweusi anayezaliwa Marekani bado ana hatari takribani mara mbili ya mtoto mweupe ya kufa kabla hajatimiza mwaka. Nalisema hili wazi, kwa sababu kuandika safu si dawa.

Ila Delaware, jimbo dogo la shemeji, kwenye ugonjwa mmoja, walilifunga. Mwaka 2001 weusi waliokuwa wamepimwa saratani ya utumbo walikuwa asilimia 48 na weupe asilimia 58. Jimbo likalipia vipimo kwa wasio na bima, likalipia matibabu kwa waliokutwa na ugonjwa, na likaajiri manesi wa kumshika mtu mkono, yaani wale wa simu ya nne. Mwaka 2009 weusi walikuwa asilimia 74. Weupe pia asilimia 74. Vifo vya weusi kwa saratani hiyo vikashuka sana. Nilipoziona zile 74 mbili zimesimama pamoja niliinuka mezani nikaenda kunywa maji. Sijawahi kuandika ripoti yenye namba mbili za namna hiyo. Sijawahi hata kuombwa.

Sisi tuliombwa namba moja, na namba moja inaweza kukupotosha kabisa. Chukua Chicago. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanawake weusi na weupe wa mji ule walikuwa wanakufa kwa saratani ya matiti kwa kiwango kinachokaribiana. Kisha vipimo vikaboreka, dawa zikaboreka, vifo vya wanawake weupe vikaanza kushuka. Vya weusi havikushuka. Kufikia mwaka 2003 pengo lilikuwa limepita asilimia 60. Anayeangalia wastani wa mji mzima angeona maendeleo. Maendeleo yenyewe, kwa kuwafikia wenye njia kwanza, ndiyo yaliyolizaa pengo.

Hili nimeliona ziwani kwa macho yangu, kwenye kichocho. Dawa ya prazikwanteli hapa kwetu hugawiwa zaidi shuleni: watoto wanapangwa mstari, wanapimwa urefu kwa ule mti wenye alama, kila mmoja anameza vidonge kulingana na kimo chake, mwalimu anaweka tiki. Ni kazi nzuri na rahisi kuihesabu. Lakini mtoto wa dagoni asiyekwenda shule hayumo kwenye mstari ule. Mama anayesimama majini kusafisha vyombo na dagaa hayumo. Mvuvi anayesukuma mtumbwi akiwa ndani ya maji mpaka kiunoni asubuhi na jioni hayumo. Ukiangalia tiki za mwalimu, kata imefanya vizuri. Walioko majini kuliko wote ndio wasiotikiwa, na minyoo inarudi ziwani kupitia kwao, na kutoka ziwani inawarudia wale wale watoto wa mstarini.

Jambo lililonigusa kuliko yote kwenye kusoma kwangu ni la vifo. Marekani, anayejaza rangi ya marehemu kwenye cheti cha kifo mara nyingi ni mwenye kuandaa mazishi, na kuna wakati hajaza kwa kuuliza bali kwa kuangalia. Wazawa wa asili wa Amerika wengi huandikwa weupe. Matokeo yake vifo vyao huonekana vichache kuliko vilivyo, na ukiangalia takwimu bila kuzisahihisha utadhani wanaishi vizuri. Mtu amekuwa mzawa maisha yake yote, na siku ya kufa karatasi inamhamisha.

Nilipolisoma nikakumbuka maiti moja. Mvuvi mmoja aliugua dagoni, homa na kifua, wenzake wakachanga, akavushwa kwa boti la injini usiku hadi nchi kavu, akafia njiani. Hakuna kituo cha afya kilichomwandika. Ndugu walikuja kumchukua, akasafirishwa Mara, akazikwa kwao kwa heshima zote. Kule aliandikwa, kama aliandikwa, ni mtu wa kijijini kwao. Kwenye kisiwa alikoishi miaka sita na kuugulia, kifo chake hakipo. Na kisiwa kile, kwenye daftari, ni mahali ambapo vijana hawafi.

Msomaji anaweza kuniuliza: unataka tuanze kuandika kabila? Nimeulizwa hivyo na mtu ninayemheshimu, karani mwenzangu, kwa hasira. Alisema nchi hii ilifanya kazi kubwa kuondoa swali hilo kwenye makaratasi, na mara ya mwisho sensa kuuliza kabila ilikuwa mwaka 1967. Nakubaliana naye. Sitaki safu ya kabila. Brazili wanaandika rangi kwenye fomu za huduma zao za umma za afya, na mwaka 2009 walipitisha sera maalumu ya afya ya watu weusi. Wana sababu zao, nchi yao ilijengwa kwa utumwa na rangi bado inaamua mengi kule, kama Marekani. Safu inapaswa kufuata mahali ubaguzi wenyewe ulipopita. Kwetu, kwenye ukanda huu, haukupita kwenye kabila. Unapita kwenye maji. Nani analala ng'ambo ipi, na boti la usiku ni shilingi ngapi.

Ipo sehemu moja, hata hivyo, ambapo hapa kwetu nako ngozi yenyewe ndiyo inayoamua nani ataishi muda mrefu. Ukerewe wanaishi watu wengi wenye ualbino. Ulimwengu umesikia habari zao kwa sababu ya mauaji na ukatili, na ni sawa isikike. Lakini kinachowamaliza wengi zaidi, polepole, ni jua: saratani ya ngozi, kidonda kidogo kwenye sikio au shingo kinachoachwa mpaka kinakuwa kikubwa, kwa sababu hospitali ya Bugando iko ng'ambo, Mwanza, na nauli haipo, au kwa sababu shamba halingoji. Mafuta ya kuzuia jua yanatengenezwa hapa hapa nchini, kwenye hospitali ya KCMC Moshi, yanaitwa Kilisun. Nimeshuhudia ugawaji wake Nansio, mji wa Ukerewe. Walikuja akina mama na watoto wamevaa kofia pana, vijana wa sekondari wakisaidiana kusoma karatasi kwa karibu kwa sababu ya macho.

Mwenye orodha alihesabu chupa. Chupa zilizotoka, watu waliosaini. Kando yake alikaa muuguzi kijana mwenye daftari lake mwenyewe, la shule, mistari amechora kwa rula. Yeye aliandika kidonda. Kipo wapi, ukubwa wake kwa milimita, kilionekana lini kwanza, mtu amekatwa au amepewa rufaa, amekwenda au hakwenda. Nilimuuliza nani amemwagiza. Hakuna. Alisema mwaka wake wa kwanza pale alimpoteza msichana aliyekuwa amesaini kupokea mafuta mara tatu. Mafuta yalimfikia, kidonda hakikuulizwa. Lile daftari la mistari ya rula naliona bora kuliko mfumo wowote wa kompyuta niliowahi kufundishwa, na nimefundishwa kadhaa.

Mwanza si ugenini kwa kazi hii ya kufuatilia kwa makini. Wengi hawajui kwamba kati ya mwaka 1991 na 1994, hapa mkoani, ulifanyika utafiti ambao dunia nzima ya afya ya jamii inaukumbuka. Walichagua jamii 12 za vijijini, wakazipanga jozi sita zinazofanana, ya ufukweni na ya ufukweni, ya barabarani na ya barabarani. Kwenye kila jozi jamii moja iliboreshewa matibabu ya magonjwa ya zinaa kwenye zahanati na vituo vyake vya kawaida: dawa zisikatike, wahudumu wafundishwe. Nyingine ikasubiri zamu yake. Wakafuatilia watu wazima wapatao elfu moja kila jamii kwa miaka miwili. Matokeo yalichapishwa mwaka 1995: maambukizi mapya ya VVU yalikuwa pungufu kwa takribani asilimia 40 kwenye jamii zilizoboreshewa. Kama wangehesabu tu wagonjwa waliotibiwa tusingejua lolote. Ilibidi kuwe na upande wa pili wa kulinganisha.

Na kuna utafiti wa pili ambao mimi naupenda zaidi, ingawa jibu lake lilikuwa chungu. Mema kwa Vijana, ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1990 kwenye jamii 20 za mkoa huu, ulifundisha vijana wa shule za msingi kuhusu afya ya uzazi, ukawafundisha wahudumu wa vituo kuwapokea vijana bila kuwafokea. Vijana walielewa. Maarifa yalipanda kweli na yalidumu. Wakarudi tena kuwapima miaka mingi baadaye, mwaka 2007 na 2008, na wakakuta kwamba maambukizi ya VVU hayakuwa tofauti na ya jamii zisizofundishwa. Wakaandika hivyo hivyo, hawakuficha. Nawaza ni miradi mingapi imekufa ikiwa na picha nzuri za vijana wenye fulana, bila mtu kurudi kupima damu baada ya miaka minane.

Kurudi ndiko kugumu. Fedha za mradi zina mwisho na pengo halina. Kule Los Angeles walijaribu jambo ambalo kila mtu wa Mabatini au Igogo, mitaa ya hapa Mwanza, angelielewa mara moja: walikwenda kwa vinyozi. Maduka 52 ya vinyozi weusi, wateja 319 wenye presha ya juu. Kwenye baadhi ya maduka mfamasia alikuja pale pale kwenye kiti kupima na kuandika dawa. Kwenye mengine kinyozi aliwahimiza tu waende kwa daktari. Baada ya miezi sita namba ya juu ya kipimo cha presha ilikuwa imeshuka kwa wastani wa 27 kwa kundi la kwanza na 9 kwa la pili. Ilichapishwa mwaka 2018. Sababu yake naielewa kwa mwili wangu: mwanamume anaweza kukwepa kliniki mwaka mzima, lakini nywele zinaota kila wiki na atarudi kwenye kiti kile kile. Kinyozi anajua nani hajaja. Hilo ndilo daftari.

Dagoni hakuna kinyozi wa kudumu. Kuna mwezi.

Hili nililigundua kwa kuchelewa na linanisikitisha, maana kila mama anayeanika dagaa angenieleza siku ya kwanza kama ningeuliza. Dagaa huvuliwa kwenye giza, kwa taa. Mbalamwezi ikiwa pevu taa haivuti kitu, mitumbwi inapumzika, wavuvi wanashona nyavu, wanafua, wanakunywa chai hadi saa nne. Siku za giza wanakesha ziwani na mchana wanalala kama wafu. Sisi tulikwenda kwa kalenda ya ofisi, wiki ya pili ya kila mwezi kwa sababu posho zilitoka wiki ya kwanza. Nilipozipanga takwimu zetu za mahudhurio kwa tarehe, zilipanda na kushuka bila mpangilio, na ripoti ililaumu mwitikio mdogo wa wanaume. Nilipochukua kalenda yenye miandamo, ile wanayotundika misikitini na madukani, nikazipanga upya kwa mwezi, kila kitu kikakaa sawa. Wanaume walikuja tulipowakuta macho. Tulikuwa tumewalaumu kwa kulala.

Niliipeleka kwa mkuu wangu kwenye karatasi moja. Alisikiliza, akasema ni jambo zuri, na ratiba haikubadilika mpaka mradi ulipoisha. Sikumlaumu peke yake. Alikuwa anasubiri kibali cha mtu aliyesubiri kibali.

Baada ya hapo nilirudi mwaloni kwa nauli yangu. Ilikuwa mbalamwezi. Nilikuwa na daftari dogo lenye majina 14 ya watu tuliowakuta na presha ya juu siku ile ya ndoo, nikiwa nimenakili makazi yao kama walivyoyataja walipoulizwa vizuri. Yule mama nesi alikuwa ameshastaafu, lakini alikuja naye, na kipimo chake cha kusukuma kwa mkono kwenye mkoba wa ukili.

Turubai zilikuwa zimebaki chache. Kati ya 14 tuliwapata tisa. Watano kati ya hao walikuwa hawajameza kidonge tangu tuondoke, kwa sababu dawa za mwezi zinaisha baada ya mwezi. Mmoja alikuwa amefariki, na wenzake walituonyesha mtumbwi aliokuwa akitumia. Wanne waliobaki walikuwa wamehama na dagaa.

Nesi aliketi kwenye gogo, akampigia simu mwenzake wa zahanati ya kisiwa cha pili, waliyesoma pamoja zamani. Akamsomea majina manne polepole, jina la baba na jina la utani, maana mwaloni la utani ndilo linalojulikana. Yule wa upande wa pili alikuwa akirudia kila jina huku akiandika. Kwenye jina la tatu akasema huyo hamfahamu, je anatoka wapi?

"Alikotoka achana nako," nesi akasema. "Waulize wenye mitumbwi iliyoingia wiki hii analala kwa nani."